Wajina wa Babu

Bustani ya wanyama ilinuka majani yaliyooza na mkojo, lakini kilichobaki kwangu hadi leo ni sauti. Ilianza chini, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo, ikapanda, ikapanda tena, hadi nikadhani anayeita atapasuka, kisha ikakatika ghafla na bustani nzima ikanyamaza. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alitusogeza kwenye kizimba tukawaona, wanyama wadogo wa jamii ya sokwe, hawana mkia, mikono yao mirefu kuliko miguu, wakijirusha kamba hadi kamba bila kutazama wanakokwenda. Ubaoni paliandikwa jina lao, na jina hilo lilikuwa langu. Shuleni niliandikwa Furaha Giboni, na wale walikuwa magiboni. Mbele ya mwalimu hakuna aliyethubutu kusema neno. Lakini kwenye treni ya kurudi Bredäng, mtaa tunaoishi hapa Sweden, wenzangu walianza kuning'inia kwenye vyuma vya kushikia na kuita kwa ile sauti ya kupanda, na hata waliokuwa weusi kama mimi waliita. Hao ndio walioniuma zaidi.

Nyumbani nilimwambia baba, kwa Kiswidi kama nilivyozoea kumjibu, kwamba nataka jina jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba nchi hii mtu hujaza fomu tu, akaamka na jina jipya. Baba hakunikemea. Alivuta kiti, akafungua kabati la vyombo, na nyuma ya sahani za wageni akatoa daftari la jalada la bluu lililofungwa kwa kitambaa. Lilikuwa la babu, baba yake, mwalimu wa historia katika mji mdogo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi. Zamani alipita huko mmisionari Mwingereza aliyewagawia wavulana aliowabatiza majina ya watu wa kwao, na Giboni, alisema baba, kule kwao lilikuwa jina la wanahistoria na la wanajeshi. Babu alilichukulia jina lake kama kazi aliyokabidhiwa. Aliandika kila alichokiona mjini kwake: nani kazaliwa, nani kauza shamba, daraja lilivunjika lini, vita vilifika wapi. Tangu siku ile, kila Jumapili baba alinisomea kurasa mbili tatu, na mimi nikifuata mwandiko kwa kidole bila kuelewa kila neno. Ukurasa wa mwisho hakunisomea. Akiukaribia alifunga daftari na kwenda kuchemsha chai.

Wiki chache baadaye tulikwenda Hallunda, kwenye ukumbi ambao watu wa kwetu waliukodi kila walipokuwa na ubatizo au msiba. Kulikuwa na harufu ya pilau na ya makoti yaliyoloa, na Kiswahili cha kila namna, cha Kongo, cha Kenya, cha kwetu. Mzee mmoja mrefu, mgeni, alisimama akajitambulisha kuwa anaitwa Giboni. Mama, ambaye ni mtu wa Kigoma na mila hazimpiti, alipiga kigelegele. Kwetu mtu mwenye jina la babu yako ni wajina wake, na wajina wa babu ni babu. Papo hapo mama alijifunika mabega kwa kitenge, akamsalimu kwa mikono miwili huku amepiga goti, kama mkwe anavyomsalimu baba wa mume wake.

"Shikamoo baba. Mtoto wako huyu hapa, na mjukuu wako yule."

"Marahaba, mkwe wangu," alisema mzee, akacheka. "Kumbe nilikuwa na familia Sweden na sijui!"

Baba aliweka kikombe chake mezani taratibu. Alimpa mkono, kisha akamuuliza kama aliwahi kuwa jeshini. Mzee alimtazama. "Miaka ile kila mtu alikuwa mahali fulani, mwanangu," akajibu, na watu waliokuwa karibu wakaanza kuzungumza habari za chakula.

Alianza kuja kwetu kila Jumamosi na mfuko wa machungwa. Alivua viatu mlangoni kama kila mtu hapa, lakini aliviweka ncha zikitazama nje, na alikaa kwenye kiti kimoja tu, kile kilichoelekea mlango. Lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu alikatiza neno katikati, akasikiliza, kisha akaendelea palepale alipoachia. Mimi nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu nimeona haya miaka mingi. Wenzangu walikuwa na babu waliokuja kuwachukua shuleni, mimi nilikuwa na daftari tu, na sasa nilikuwa na babu mzima mwenye mikono mikavu aliyenimenyea machungwa. Nilipomweleza habari za treni na zile sauti, hakusema pole. Alinifundisha kusimama wima, kumtazama mtu katikati ya macho bila kupepesa, na kungoja. Nilifanya hivyo shuleni na zile sauti za magiboni zikakoma. Kwa furaha nikamsimulia kila kitu nilichokuwa nacho, na mwisho nikamsimulia habari za daftari. Aliacha kumenya. Akauliza, kwa sauti ileile ya upole, kama wajina wake aliandika hadi siku zake za mwisho.

Baba siku hizo alikuwa akimwangalia sana na kusema kidogo. Mama alimlaumu kwamba anamnyima mzee heshima yake, naye alijibu tu kwamba akina Giboni ni wengi. Sikujua alikuwa akijibu nini.

Mzee alikuja siku ya Jumatano, mwezi Novemba. Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaanza kuingia, baba yuko kazini, mama yuko zamu, na mimi nilikuwa nimetoka shule nina ufunguo shingoni. Hakuwa na machungwa. Hakuvua viatu, na nililiona hilo. Alisema amepita kusoma maandishi ya wajina wake kidogo. Nilipanda kwenye kiti, nikalitoa daftari nyuma ya sahani, nikampa kwa mikono miwili kama mama alivyonifunza. Alilifungua kwa nyuma. Alisoma amesimama, midomo ikichezacheza.

"Mjukuu wangu," akasema, "naomba maji."

Nilikimbia jikoni. Maji ya bomba hapa huachwa yatiririke kwanza hadi yawe baridi, na nilitaka babu yangu anywe maji mazuri, kwa hiyo niliyaacha yatiririke sana. Sikusikia kitu kingine. Niliporudi daftari lilikuwa limefungwa na kitambaa kimefungwa juu yake. Alikunywa glasi nzima kwa pumzi moja, akanirudishia. "Nitarudi kesho," alisema. Kutoka dirishani nilimwona akipita chini ya taa kuelekea kituoni, hakukimbia wala hakugeuka. Nilimpungia mkono.

Kesho yake nilimngoja. Jumamosi mama alipika, chakula kikapoa, simu ya mzee haikupokelewa. Ndipo nikasema kwamba alikuja Jumatano. Baba alienda kabatini bila kuuliza lolote, akafungua kitambaa, akafika mwisho wa daftari na kupitisha kidole kwenye ukingo uliochanwa. Nilingoja anipige, na nilitamani anipige. Aliuliza swali moja tu.

"Aliomba maji?"

Nikaitikia kwa kichwa. Baba aliketi kwenye kile kiti kinachotazama mlango, akausema ukurasa ule wote kwa moyo, macho ameyafumba. "Leo amekuja askari, kijana, naye anaitwa Giboni. Wenzake wamebaki barabarani. Ameomba maji, nimempa, nimemkaribisha ndani kwa kuwa ni wajina. Ameniuliza vijana wangu wa shule wamejificha wapi. Nimesema sijui. Amesema atarudi kesho."

"Akarudi," alisema baba.

Baba alikwenda polisi. Walimsikiliza kwa adabu, wakauliza kama kuna maandishi. Baadaye mtu alidai kumwona mzee huko Upplands Väsby akiwa na mabegi, kisha habari zake zikaisha. Miaka mingi nilijiona kuwa mimi ndiye niliyemtia babu mikononi mwake mara ya pili, hadi siku moja baba aliponiambia kwamba kwa wiki zote zile hakuwa na hakika. "Angeuacha ukurasa, ningeendelea kumwita baba," alisema. Sijui kama alisema hivyo kunifariji. Haikunifariji.

Jina sikulibadilisha. Naishi Bredäng bado, mitaa miwili kutoka kwa baba, na daftari sasa liko kwangu, nyuma ya sahani zangu za wageni. Binti yangu Ester ana miaka tisa, umri niliokuwa nao. Siku hizi bustani ya wanyama namwacha aende na baba yake. Juzi alirudi kutoka shule akipiga kelele tangu kwenye lifti, "Mama, nimepata wajina!", akamvuta ndani mtoto wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe na meno mawili yaliyong'oka, Ester mwenzake. Neno hilo nilimfundisha mwenyewe, mila nzima nilimfundisha, kwa sababu sikutaka mtu yule aichane na hiyo. Nilimkaribisha mtoto. Alivua viatu, akatazama sebule yetu, akasema ana kiu, anaomba maji. Nilimpa. Sikungoja yawe baridi, na nilisimama katikati ya mtoto yule na kabati hadi alipomaliza kunywa.