Fyuzi Aliyonyimwa Mama Rachel

Eliakimu anauza vifaa vya umeme Kariakoo, na kwa ubishi sijaona mfano wake. Mimi nauza balbu duka la jirani, kwa hiyo nayasikia yote. Ukimwomba fyuzi, hakupi mpaka umwambie ni ya taa au ya soketi, waya una unene gani, na umechomeka nini. Wateja humwuliza, "Bosi, kwani hapa polisi?" Wengine huondoka wakisonya.

Basi, alikuwa amepeleka posa kwa kina Rachel, mtaa wa Gerezani, na jibu lilikuwa halijatoka. Mchana mmoja, nani anaingia dukani? Mama Rachel mwenyewe, kanuna.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fyuzi yako ya ampea kumi na tano imekatika tena. Nipe ya thelathini, yenye nguvu."

Mpe, mwanangu, nikasema kimoyomoyo. Mkwe hanyimwi! Lakini Eliakimu ni Eliakimu.

"Mama, umechomeka nini?"

"Friji, pasi, na jiko langu la maandazi. Kuna ubaya?"

"Fyuzi inakatika ili waya usiungue, mama. Ukiweka ya thelathini, yenyewe itadumu, waya ndio utakaoungua. Hiyo sikuuzii."

Mama Rachel akamtazama juu mpaka chini, akavuka barabara, akanunua ya thelathini kwa mtu asiye na maswali. Nilikasirika mimi, utadhani ni posa yangu. "Eliakimu, mke ndiyo umeshamkosa hivyo!" Akajibu kwamba anajua. Halafu akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akawatoa wateja, akafunga duka mchana kweupe, akachukua bisibisi na kumfuata mama wa watu hadi nyumbani.

Yaliyotokea huko nimesimuliwa na Rachel. Mama yake alikuwa ameshaiweka ile fyuzi, mafuta ya maandazi yanachemka, naye anatamba kwamba umeme sasa umetulia. Eliakimu hakubishana. Alizima meini swichi, akafungua soketi. Waya ulikuwa mwembamba, na plastiki yake imelainika na kunuka. Mama Rachel akaugusa, akarudisha kidole haraka. Kitanda cha bibi yake Rachel, ambaye hatembei bila kushikwa, kimeegemea ukuta huohuo.

Mama akakaa kwenye kigoda. Aliogopa, na hakuficha.

"Rachel," akaita mwishowe, "waambie washenga waje Jumapili wachukue jibu lao. Na huyu mumeo akinihoji tena mbele za watu nimechomeka nini, nitamchapa na mwiko."

"Ndiyo, mama," akaitikia Eliakimu, huku ameshalichomoa jiko.