Pemba Uiachie Vidole Vinne

Asubuhi moja ya masika, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimeolewa hapa Magogoni, na kifungua mimba wangu, Kazungu, alikuwa amepita umri wa kutembea ilhali bado anatambaa. Akijaribu kusimama anaanguka, magoti yote vidonda, nami nalia naye. Mavyaa, yaani mama mkwe wangu, hakulia. Alipanda nyasi za Pemba uani, zile za majani mapana, mjukuu wake apate pa kuangukia.

Siku hiyo nikatwaa slasha, lile fyekeo la nyasi, nimpendeze mavyaa. Kwetu Kaloleni uwanja safi ni ule uliofagiliwa mpaka mchanga, nyoka asipate pa kujificha. Nikafyeka chini kabisa, na kujisifu nikajisifu. Mavyaa akatoka jikoni.

"Weye mwana, wakata nyasi ama wanyoa kichwa?"

"Abee, mama. Nasafisha uwanja."

"Haya, mweke mwanao hapo uliposafisha, aanguke tuone."

Niliona haya mpaka machozi. Akanipokonya slasha, akalaza vidole vinne, kimoja juu ya kingine, katikati ya nyasi. Pemba haishuki hapa, akanambia. Ukate ncha tu, kila wiki mbili mvua ikinyesha, na kiangazi uiache ipumue. Ule ukoka wa langoni, wenye majani membamba, vidole viwili vyautosha, lakini wataka kukatwa kila wiki. Ukiuacha urefuke kisha uufyeke kwa pupa, utabaki na vijiti vya manjano. Mkamia maji hayanywi.

Nilipopanyoa pakakauka, kwingine kukanawiri. Kazungu alianguka humo mara nyingi, akawa anainuka akicheka. Mvua za vuli zilipokuja alivuka uwanja kwa miguu yake mpaka kwa nyanyake. Hapo ndipo mavyaa alipolia. Sasa ametangulia mbele ya haki, na kila nikifyeka namshukuru kwa sauti. Majirani wasema nimerukwa na akili, na waseme.

Mwanangu, nasikia umenunua mashine ya kukata nyasi. Hongera. Pandisha kisu kabla hujaiwasha. Nyasi zikikuzidi urefu, usizishushe kwa siku moja: toa theluthi, zipe siku chache, kisha urudi. Kila nyasi ina kimo chake, na mtoto naye ana wakati wake. Mungu akupe mkono mwepesi na maisha marefu, akuweke karibu na watu wanaokupenda hata wakikukaripia. Amina.