Nani Karuka Mshipi?

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumba nzima ilishindwa kwenda chooni kwa sababu ya uzi. Nasema nyumba nzima, lakini ngoja niseme kweli: wanaume walienda. Sisi wanawake ndio tuliobanwa.

Nyumba ilikuwa ya Bibi yangu, hapa hapa Kariakoo. Vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, choo uani. Chumba kimoja changu na Bibi, kimoja cha mjomba wangu Salumu, vilivyobaki wapangaji. Mjomba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, Jayanti, na huyo Jayanti alikuwa na wazimu wa kuvua. Si kuvua ale. Samaki hali, nyama hali, yai hagusi. Alikuwa anaendesha gari mpaka mto Rufiji, anashindana na samaki mkubwa kwa fimbo na uzi mwembamba, akimshinda anampima uzito, anampiga picha, halafu anamrudisha majini. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani Mjomba ananitania.

Kazi ya Mjomba kwenye safari hizo ilikuwa mshipi, huo uzi wa kuvulia. Fundi nguo anajua kupaka uzi nta. Basi kila wakikaribia kuondoka, anakuja nao nyumbani, mrefu kupita maelezo, anauvuta korido nzima, ukuta huu na ukuta ule, msumari kwa msumari, usawa wa magoti. Anaupaka nta, anauacha siku nzima. Na hapo ndipo Bibi anapotoa amri yake.

Bibi kwao Rufiji. Kwao, alisema, mwanamke haruki mshipi wa mvuvi. Akiruka, samaki anaukata.

"Pita chini," anasema. "Kama huwezi, zunguka nje."

Kupita chini ni kutambaa. Kuzunguka nje ni kutoka mlango wa mbele na kopo lako la maji mkononi, upite uchochoroni mbele ya wanaume wanaokunywa kahawa, uingie uani kwa nyuma, na mtaa mzima ushajua unaenda wapi. Mpangaji mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane, alitambaa. Wanaume wao wanaruka tu, wanapiga mluzi. Mpaka leo nikiukumbuka ule mluzi, mkono unaniwasha.

Mmoja tu ndiye aliyecheka. Mama Aikande, Mchaga, ndiyo kwanza amehamia chumba cha mbele na mumewe na kichanga chao.

"Kwani huo uzi una macho, Bibi? Unajuaje huyu mke, huyu mume?"

"Mto unajua."

"Basi ngoja mtoto alale, nitauruka hapa mbele yenu wote, huo mto uje uniulize."

Hakuruka. Alikuwa anasema tu. Lakini korido yote ilimsikia.

Aliyeruka ni mimi. Nilikuwa nimekula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, na tumbo la maembe mabichi halingoji mtu atambae. Nilitoka chumbani mbio, nikaruka nyuzi zote, moja baada ya nyingine, kama mbuzi. Wakati wa kurudi nikatambaa kwa adabu, kana kwamba hiyo inafuta. Nilipoinua kichwa, Mama Aikande alikuwa mlangoni kwake, mtoto begani. Ameona kila kitu. Akaweka kidole mdomoni, akacheka, akaingia ndani.

Mjomba na Jayanti waliondoka Ijumaa, wakarudi Jumapili mchana. Mjomba aliingia uani amebabuka jua, hata salamu hakutoa, akakaa juu ya kinu.

"Mkubwa kama huyu," akanionyesha mimi. "Karuka juu mara mbili, tumemwona wote, Jayanti analia kama mtoto. Halafu uzi ukalegea." Akatoa mfukoni ncha ya mshipi. "Tazameni. Umekatwa safi, kama kwa mkasi."

Fundi nguo mzima ameshika uzi uliokatwa kama kwa mkasi, na katika watu wote waliojaa pale uani, hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo samaki ana meno gani. Bibi aliuliza swali lake.

"Nani karuka?"

Mmoja mmoja wakaanza kumgeukia Mama Aikande. Hakuna aliyemtaja. Macho yalitosha.

"Mimi sikuruka, Bibi," alisema.

"Ulisema utaruka."

"Nilisema. Sikuruka. Aliyeruka anajijua."

Akaniangalia. Si kwa ukali. Alikuwa ananisubiri. Angeweza kunitaja kwa pumzi moja, chumba chake kikapona. Mimi nikainama nikaanza kuvunja ukucha wa dole gumba la mguu, niliuvunja mpaka ukatoka damu. Bibi akasema nyumba yake haikai na mtu asiyesikia, atafute pengine kabla ya wiki kwisha.

Walihama Alhamisi, kwa mkokoteni, kwenda Ilala kule. Bibi alinituma nimsaidie Mama Aikande, nikambebea beseni mpaka barabarani. Alilipokea, akasema, "Asante, mwanangu." Bora angenizaba kibao.

Na msidhani nilikua nikayasahau. Nimezaa, nimezika, nimeuza vitenge hapa Kariakoo mpaka magoti yakakataa. Ya kuogopa bundi na paka mweusi mimi sina. Lakini hilo moja lilibaki: niliruka, na kweli samaki akakata. Bibi alisema, ikawa. Ungeniambia nini?

Ile nyumba sasa haipo. Limeota ghorofa, chini maduka ya simu, juu tunaishi sisi, na lifti inafanya kazi ikijisikia. Ninakaa na mjukuu wangu, Idrisa, mtu mzima wa miaka thelathini na nne, amesoma mpaka chuo. Mwaka huu kaingia kwenye kikundi cha wanaoenda Rufiji kuvua. Kwa fimbo. Anampiga picha, anamrudisha. Nilipomwambia soko la Feri samaki wamejaa, wameshakufa tayari, alinicheka.

Wiki iliyopita nakuta fimbo imelazwa sebuleni, kutoka kwenye kochi mpaka mlango wa jikoni. Nataka kwenda kuepua chai.

"Bibi, zunguka nyuma ya kochi. Usiruke."

"Kwa nini nisiruke?"

"Aa, ni nuksi tu. Wana wa kikundi wanasema hivyo."

Chuo kikuu! Nikamuuliza na hicho kidude cha waya anachofunga kwenye ncha ni cha nini. Akafurahi nimeuliza.

"Hii ndiyo muhimu, Bibi. Yule samaki ana meno, yako nje kama ya mbwa. Bila waya hapa mbele anakata uzi saa hiyo hiyo. Safi, kama mkasi."

Nikakaa. Chai ikaungua. Kipande cha waya, urefu wa kiganja! Miaka sitini nimebeba samaki wa mtu mgongoni, na dawa yake ilikuwa kipande cha waya ambacho hata Mjomba angeweza kukiokota hapo barabarani.

Idrisa alipoingia kuoga, nikakusanya kanga, nikaruka ile fimbo. Magoti yakalia. Nikarudi, nikaruka tena.

Jumapili akanipigia kutoka mtoni, anapiga kelele kama nipo ng'ambo ya pili.

"Bibi! Katoroka! Alikuwa mkubwa, sijawahi kuona! Waya mzima, uzi mzima, ndoana imechomoka tu!" Nasikia wenzake nyuma wanacheka. "Sema kweli, Bibi. Nani karuka fimbo yangu?"

Waya umenitoa kwenye hatia ya samaki. Kwa Mama Aikande haujanitoa, na hakuna waya wa hilo. Sikumkatia mtu mshipi. Nilikaa kimya akahamishwa na mtoto mchanga, na hayo meno yalikuwa yangu.

"Mimi," nikasema. "Nimeruka mimi."

Idrisa akacheka mpaka akakohoa. Alidhani Bibi anatania.