Upatu Uliofungiwa Kiooni

Mama mkwe wangu, Sinding, hakuwa mtu wa makelele. Alilima mpunga wake mlimani, akapika pombe ya wali kwenye mitungi, akamvumilia mumewe Angkangon kwa utani mwingi. Kilichomtoa kwenye utulivu wake ni upatu, ule wa shaba wa kupigwa, na mimi nilifura kwa hasira pamoja naye. Bado nimefura.

Patu zetu za shaba zilining'inia ukutani tangu enzi za babu yake Angkangon. Ndogo zilikuwa za harusi na mavuno. Ule mkubwa ulikuwa wa msiba tu, na sauti yake nzito ilivuka mabonde. Kwetu huendi kwenye sherehe bila kualikwa, lakini msiba unauendea hata kama mmegombana na wafiwa. Upatu ule ukilia, ugomvi umekwisha.

Basi wakaja watu wa makumbusho ya mjini kuazima vitu. Walikusanya matenga, nyungo, na shanga za mganga wetu wa kike. Angkangon, kwa ukarimu wake wa kijinga, akawapa upatu mkubwa.

"Wataurudisha baada ya mavuno," alisema. Mavuno yakapita, yakaja mengine.

Kisha akaanguka kitandani. Alitaka jambo moja tu, mdogo wake Kulimin awepo akizikwa, yule aliyeishi nyuma ya mlima na ambaye walikosana kwa sababu ya nyati wa kulimia. Kumwita angali hai alikataa katakata.

"Nikifa atasikia," alisema. "Atakuja tu."

Mama mkwe akanichukua tukaenda mjini. Upatu tuliukuta kwenye kabati la kioo, umesuguliwa mpaka unang'aa, na chini yake kibao: Upatu wa Sherehe.

"Sherehe ya nani?" mama mkwe alimuuliza msimamizi. "Huu wa msiba. Mume wangu anakufa, baba. Nipe niende."

"Pole sana, mama. Lakini hapa uko salama. Hauibiwi, hauharibiki."

"Nani kakwambia kwangu unaharibika? Mume wangu nimtangaze na nini, sufuria?"

"Siku hizi watu wanatangaza redioni, mama."

"Shemeji yangu hana redio! Ana masikio!"

Yule bwana akacheka, akaagiza tuletewe chai. Chai! Nilitamani kummwagia miguuni. Tukarudi mikono mitupu.

Angkangon alipokata roho tulipiga patu ndogo kwa mwendo wa msiba, taratibu, mpaka mabega yakauma. Majirani walikuja wote. Kulimin hakuja. Nikasema atumwe mtu, wazee wakanikaripia: ndugu wa damu hapelekewi habari ya kifo kwa mdomo, hayo ni matusi, upatu ndio unaomwita. Tukangoja mpaka maiti haikuweza kungoja tena, tukazika.

"Hata kifo hakikumlainisha," mama mkwe alisema, akilia kwa hasira. "Akanyage hapa aone! Nitamwogesha matusi."

Alikanyaga, siku chache baadaye. Tulimsikia kabla hatujamwona, anafoka tangu kwenye uzio.

"Walafi wakubwa nyie! Mnakula, mnakunywa, mnapiga patu siku nzima, mimi hata mfupa siitiwi! Shemeji, mwite huyo mumeo atoke. Leo tutaambiana!"

Mama mkwe akatoka mlangoni na nguo zake nyeusi. Matusi yote aliyoyaandaa sikuyasikia. Kulimin alimtazama, akazitazama nguo, akaketi pale pale chini.

"Nilisikia zile ndogo tu, kwa mbali, mwendo wake sikuutambua," alisema baadaye. "Nikasema kaka anaozesha binti, na mimi hakunialika. Nikajifungia ndani kwa hasira."

"Ungesikia mkubwa ungekuja?" mama mkwe akamuuliza.

"Ningekuja mbio, shemeji. Miaka yote hii nilikuwa natafuta sababu."