Sinia Nililolirudisha

Mimi ni mtu wa tumbo, sifichi. Kaka yangu aliporudi kutoka Uarabuni na mke Mfilipino, majirani zetu wa Ipagala, hapa Dodoma, walikuja kutazama nywele zake na macho yake. Mimi nilitazama begi lake. Lilikuwa na chupa mbili za sosi ya soya, pilipili manga na mfuko wa majani makavu yanayonukia. Nikasema moyoni, huyu wifi tutaelewana.

Walikutana hotelini huko huko Uarabuni, kaka akiwa fundi umeme na yeye akiwa mpishi. Alisilimu kabla ya ndoa, na mpaka leo anaswali kuliko mimi niliyezaliwa ndani ya dini. Kiswahili alikiokotea jikoni kwa mama, ndiyo maana alijua kusema “punguza moto” kabla ya kujua kusema “habari za asubuhi”.

Chakula cha kwanza alichotupikia kilikuwa adobo. Ni kuku anayechemka ndani ya siki, sosi ya soya, vitunguu saumu vingi na yale majani yake, mpaka mchuzi ukauke na kuku abaki mwekundu, anang'aa. Nilishika mwiko nimsaidie, akanipiga kofi la mkononi.

“Usikoroge, wifi! Siki ikishaingia, iache ichemke yenyewe. Ukiigusa mapema itabaki mbichi.”

“Loo, chakula gani hakitaki kuguswa?” nikasema. Lakini nilipokionja, wallahi, nilinyamaza.

Mama ni mtu wa Kondoa, kazaliwa na mlenda mdomoni. Tulidhani atakataa. Alikula kimya, akalamba vidole, akauliza kama kuna kingine. Baadaye wifi akagundua kwamba Dodoma ina ukwaju tele. Ukwaju sisi tulikuwa tunaufanyia juisi tu. Yeye aliutia kwenye supu ya mbavu za ng'ombe, na bamia na nyanya na mchicha, akaiita sinigang. Siku za upepo wa mwezi wa saba, vumbi likiwa limefunga mtaa mzima, kaka alikuwa anaingia ndani, anavua viatu, anasema, “Nasikia harufu ya ukali. Leo nimefika kwangu.”

Sasa nieleze habari ya sahani.

Kwao kuna mwiko. Mkiwa mnakula na mtu mmoja akainuka kwenda safari kabla hamjamaliza, wanaobaki lazima wazungushe sahani zao mpaka atoke. Eti ndiyo kinga yake njiani. Wifi alikuwa mkali kwa hili. Hata ukienda dukani kununua chumvi utasikia nyuma yako sahani za bati zinakwaruza meza: kwaruu, kwaruu. Tulimcheka sana. Kaka alikuwa anatoka mlangoni, anarudi, anatoka tena, ili tuzungushe mara tatu.

“Astaghfirullah,” mama alisema, lakini naye alikuwa anazungusha.

Tatizo lilikuwa Ijumaa. Ijumaa sisi tunakula sinia moja, mkekani, wote tumelizunguka, kila mtu anakula mbele yake. Hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo, hupeleki mkono upande wa mwenzako. Wifi aliikubali desturi yetu, na kwa siku hiyo moja alikubali kulizungusha sinia lenyewe badala ya sahani.

Ijumaa hiyo alipika adobo. Tulikuwa wanne mkekani, mama, wifi, kaka na mimi. Kaka alikuwa kulia kwangu, na firigisi ilikuwa upande wake, kwa sababu tangu baba afariki tukiwa wadogo yeye ndiye mwenye nyumba na firigisi ni ya mwenye nyumba. Tangu utotoni ninaililia firigisi. Tangu utotoni ananinyima, ananitafunia mbele ya macho.

Simu yake ikalia. Lori la mchanga lilikuwa limefika kwenye kiwanja chake cha Zuzu na dereva hajui pa kumwaga. Kaka akanawa, akavaa kofia ya pikipiki. Akanielekezea kidole.

“Firigisi yangu isiguswe. Nakuja.”

Wifi akashika sinia, akalizungusha nusu duara. Kisha akainuka kumsindikiza mumewe getini. Mama alikuwa amegeuka, anatazama mlangoni. Mimi nilikuwa natazama firigisi. Sinia lilipozunguka, firigisi ilikuwa imehamia mbele ya mama, na mkono wangu nitaupelekaje mbele ya mama? Kwa hiyo nikashika ukingo wa sinia kwa vidole viwili, taratibu, nikalirudisha kama lilivyokuwa. Nikaila. Ilikuwa tamu, bado ya moto. Nilisikia pikipiki ikiwaka nje wakati naitafuna.

Kaka alikufa kabla ya Alasiri. Walituambia ni lori lililokuwa linalipita gari jingine, na kwamba hakuteseka.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha watoto hesabu na sayansi, na siamini kwamba sinia la wali linaweza kumwua mtu. Hayo nilijisemea msibani, nikajisemea arobaini, nikajisemea kila siku. Lakini sikumwambia mtu. Na firigisi sikuweza kuila tena, hata kwenye bucha nilikuwa naipita nikitazama kando.

Mama alipatwa na kiharusi mwezi wa pili baada ya mazishi. Mkono wa kulia ulikufa kabisa, na wa kushoto hauna nguvu hata ya kufukuza nzi. Hasemi. Mimi nilikuwa nimeshahamishiwa shule ya Kondoa, nakuja Ipagala Ijumaa jioni, narudi Jumapili mchana. Kwa hiyo ni wifi anayemwogesha, anayemgeuza, anayemlisha kijiko kwa kijiko. Alimaliza eda, akawa huru kwenda kwao, hakwenda. Niliogopa jambo moja tu maishani mwangu: kwamba siku nitakayomwambia ukweli, ataondoka, na mama yangu atabaki hana mkono wa kumlisha.

Sinia likapandishwa juu ya kabati. Tukawa tunakula mezani siku zote, sahani za bati, nne. Ya nne ni ya kaka. Kwao marehemu hutengewa chakula, na hili hakuliacha. Anaweka wali, nyama, na akipika kuku anaweka firigisi. Kijiko anachompakulia hakitumii kwa mtu mwingine. Jioni chakula hicho hukimwaga kwenye shina la mlonge uani. Nilimwambia, “Wifi, hii kwetu haipo, dini haitaki.” Akanijibu kwa upole kwamba anajua, na akaendelea kupakua.

Mwanzoni ilinikera. Baadaye ilianza kuniogopesha. Mlonge ule ulibaki na majani mabichi kiangazi kizima, mitaa yote imekauka. Na mama, ambaye uso wake hausogei upande mmoja, alikuwa anaitazama sahani ile ya nne na kutabasamu na ule upande uliobaki, kama anachekeshwa. Mara nyingine nilifika Ijumaa nikasikia harufu ya siki ya moto kuanzia getini, nikaingia mate yakinijaa, nikakuta jiko limepoa na wifi anafua.

“Umepika nini leo?”

“Bado sijawasha,” anasema. Halafu ananitazama. “Na wewe umesikia?”

Na meza. Ninapoifuta Jumapili naona pale panapokaa sahani ya kaka pana duara lililochimbika kwenye mbao. Sahani zetu tulizungusha, sawa, kila nilipoondoka. Lakini ya kwake haizungushwi na mtu. Wifi aliwahi kuniambia kwamba aliyefariki hazungushiwi tena, safari yake imeshapita. Duara la kwake lilikuwa refu kwenda chini kuliko yetu yote. Nilipitisha kidole, nikapata unga wa mbao, mpya.

Jumapili hiyo ninayotaka kuisimulia alipika adobo. Upepo ulikuwa mkali, mabati ya jirani yanapiga. Alinipakulia mapaja mawili, akampakulia mama, akampakulia kaka, firigisi juu. Yeye hakula. Akasema mama yake kamwita arudi nyumbani.

“Utakwenda?” nikauliza.

“Nataka nikamwulize kitu ana kwa ana. Nilikosea nini.” Alikuwa anafuta mdomo wa mama, hanitazami. “Sinia nililizungusha, wifi. Wewe uliniona. Nililizungusha, na bado amekufa. Labda sinia halizungushwi hivyo. Labda ilibidi nikatae, nidai sahani hata kama ni Ijumaa. Mkono wangu una kasoro. Sasa ninamlisha mama kwa mkono huu huu, na kila siku naogopa.”

Jamani. Miaka miwili mimi nalinda siri yangu, kumbe mzigo kaubeba yeye. Nilijisikia mchafu. Nikaweka tonge chini.

“Hukukosea,” nikasema. “Mimi nililirudisha.”

Hakuelewa. Nikamweleza yote, firigisi, upande wa mama, vidole viwili, pikipiki ikiwaka. Nililia huku nasema, makamasi na mchuzi vimechanganyika, sikujali. Mama alikuwa ananitazama. Jicho lake moja lilikuwa limejaa maji.

Wifi akaweka kijiko cha mama mezani. Simu yangu ikaita, ni mtu wa stendi, kwamba basi la Kondoa limebakiza abiria wawili na mimi ni mmoja wao. Nikainuka. Sahani yangu nikaiacha na paja moja na mfupa. Nikangoja asogeze mkono wake, azungushe, kama siku zote.

Hakuzungusha. Alinyanyua begi langu, akatangulia nje.

Nikajua nimefukuzwa. Nikambusu mama kwenye paji la uso, nikatoka. Getini wifi alikuwa amesimama na begi, vumbi linampiga usoni, hafumbi macho. Nilitaka kumwambia anisamehe, asimwache mama. Kabla sijafungua mdomo, tukasikia.

Kwaruu.

Ilitoka ndani. Bati juu ya mbao, taratibu, mzunguko mmoja kamili. Tukatazamana.

“Nani yuko ndani?” nikanong'ona.

“Mama,” akasema. “Mama tu.”

Kwaruu. Ya pili. Niliwaza ule mkono wa kushoto usioweza kumfukuza nzi. Kwaruu. Ya tatu. Hiyo ilikuwa upande wa mbali wa meza, mama hafiki huko hata akiwa mzima. Nilitaka kukimbilia ndani, wifi akanishika mkono, kanibana mpaka kucha zikaingia. Upepo ukatulia ghafla. Ikaja ya nne, ndefu kuliko zote, ikasimama.

“Nenda,” wifi akasema. “Usirudi kutazama. Nenda, basi litakuacha.”

Nilikwenda. Njia nzima mpaka Kondoa nilikaa nimeshika kiti cha mbele, kila lori likitupita naomba dua. Tulifika salama, jua bado lipo. Nikampigia hata kabla sijatoka stendi.

“Mama?”

“Amelala. Nilimkuta kitini vile vile nilivyomwacha, mikono yote chini ya khanga.”

Nikauliza lile nililokuwa naliogopa. “Utaondoka, wifi?”

“Nani atamlisha mama?” akasema, kwa hasira kabisa, kama nimemtukana. Ndipo nikasikia anapumua. “Wifi, nilikuwa nataka kutoa vyombo. Sahani ya mume wangu ina wali, ina nyama. Firigisi haipo.”

“Paka,” nikasema upesi. “Dirisha lilikuwa wazi.”

“Iko kwenye sahani yako. Katikati, juu ya paja. Mimi sikuiweka.”

Nilikaa chini pale stendi, juu ya begi langu, watu wananipita na kuku na magunia. Nilicheka, halafu nikalia, halafu vyote pamoja. Maisha yake yote kaka alininyima. Mama mmoja muuza karanga akaniuliza, “Dada, kuna msiba?” Nikatikisa kichwa. Mate ya firigisi yalikuwa yamenijaa mdomoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

“Niitupe?” wifi akauliza.

“Thubutu! Funika,” nikasema. “Isiguswe. Nakuja.”

Maneno yalikuwa yameshatoka. Tuliyasikia wote wawili, na wote wawili tulijua ni ya nani. Kisha nikasikia viatu vyake vinakimbilia mezani, na sahani za bati zikaanza kuzunguka.