Cherehani Yenye Kwikwi

Mama Pindo hakuwa na mtoto aitwaye Pindo, msije mkamtafuta. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu ukimpelekea gauni la kupunguza urefu, kabla hujamaliza salamu ameshalikunja pindo, ameshalibana kwa pini, na ameshakwambia kwamba rangi hiyo haikupendezi. Ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake, na vyote viwili vilimletea wateja. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, penye dirisha moja la kutazama barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, na vipande vya vitambaa vilivyojaa hadi chini ya kiti. Ole wako ufagie humo bila ruhusa.

Kushona alifundishwa na baba yake, yeye na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba ile, ambaye kwa hiyo waliishia kumwita Kitinda. Mzee yule alikuwa fundi wa nguo na wa maneno pia. Cherehani ikila kitambaa, yeye alisema ina njaa. Ikikata uzi, imenuna. Na ikiruka mishono, ikashona hapa na kuacha pale, alisema ina kwikwi, na mabinti zake walicheka mpaka wakapata kwikwi wenyewe. Maneno hayo yalikuwa ya nyumbani kwao tu. Jirani angeyasikia angedhani wanazungumzia mgonjwa.

Mzee alipofariki, mabinti wakagombania cherehani yake, ile nyeusi kuukuu ya kukanyaga kwa miguu. Siku moja Mama Pindo alirudi kutoka sokoni akakuta Kitinda ameshaibeba. Basi akampigia simu, akamwambia kwamba chuma amekipata, lakini baba hakumuuguza. Jamani, kuna maneno mdomo ukishayatema hayazoleki. Kitinda akakata simu. Akahama mji, akabadilisha namba, kikawa kimya. Miaka ikapita. Mama Pindo alikuwa akiwaambia watu kwamba hamkumbuki hata sura, mwongo mkubwa huyo! Kitinda alipenda njano, na kila gauni la njano lilipopita dirishani, dada mtu aliinua kichwa.

Blogu aliianzisha kwa kuchoka. Watu walimpigia simu asubuhi hadi jioni kuuliza mambo yale yale ya cherehani zao, naye akaona heri ayaandike mara moja, kila mwenye shida akajisomee. Hiyo ndiyo sababu aliyoitangaza. Nyingine aliimeza: alitumaini kwamba maneno yake yakizagaa duniani, huenda siku moja yakamfikia mtu mmoja ambaye hakujua pa kumtafuta.

Akaandika, tena kwa kujipamba. Makala moja aliiita “Uzi Ukinuna Usiubembeleze”. Nyingine “Njaa Isiyoshibishwa kwa Ugali wala Wali”. Ile ya kuruka mishono aliiita “Dawa ya Kwikwi”, na hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Akangoja wasomaji. Wakaja mwanawe, mke wa mwanawe, na mtu mmoja aliyekuwa akitafuta dawa ya kwikwi ya mtoto mchanga, akaondoka kwa hasira baada ya kuacha ujumbe mbaya.

Mke wa mwanawe huyo, mkwe wake, kazi yake ilikuwa kutunza tovuti za watu. Alikuwa mpole, lakini si mwoga. Alipomwambia mama mkwe kwamba makala hazionekani kwa sababu hazina maneno ambayo watu huyatafuta, Mama Pindo alimjibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

“Kizuri chajiuza kikiwa sokoni, Mama,” mkwe akasema. “Chako umekifungia kabatini.”

Mama Pindo akanuna kidogo, maana hakuzoea kupigwa kwa methali aliyoitoa mwenyewe. Lakini akavuta kiti.

Somo lenyewe lilikuwa rahisi. Mkwe alimwambia amfikirie mwanamke aliyeinamia cherehani yake, kitambaa kimenasa, mteja amesimama mlangoni anauliza bado muda gani. Mwanamke huyo anashika simu. Anaandika nini? Hawezi kuandika methali, hana nafasi hiyo. Anaandika shida yake kama inavyomtoka mdomoni. Basi kazi ya mwandishi ni kuyajua maneno hayo, kuyaweka katika kichwa cha habari na katika mistari ya mwanzo, kisha kulijibu swali kweli kweli. Mkwe akamwonyesha kwamba ukianza kuandika neno “cherehani” mahali pa kutafutia mtandaoni, mtambo wenyewe unakumalizia kwa yale ambayo wengine wameshauliza. Yakatokea pale: cherehani inajaza uzi chini, cherehani inakata uzi, cherehani inaruka mishono. Akamwonya pia asilikimbilie neno tupu kama “cherehani”, maana huko wamejaa wauzaji wakubwa wanaosukumana. Sentensi ndefu yenye shida ndani yake ina watafutaji wachache, lakini hao wanakutaka wewe hasa.

Mama Pindo alilishika somo hilo kwa mikono yote miwili, akalikaba. Wiki hiyo aliandika makala iliyokuwa na neno cherehani kila palipo na pumzi. “Cherehani yako ikiwa ni cherehani inayoruka mishono, basi cherehani hiyo...” Mkwe alipoisoma alicheka hadi akajifuta machozi, akamweleza kwamba chumvi ikizidi ndiyo hiyo, msomaji anatema na mtambo nao unatema. Wakapunguza. Tangu hapo Mama Pindo akawa anatega sikio pale chumbani anaposhonea, na mteja akilalamika, anamwambia arudie alivyosema, vile vile, asibadilishe kitu. Watu wakadhani uzee umemwingia masikioni.

“Dawa ya Kwikwi” ikawa shida. Mkwe alisema hakuna mtu duniani anayeita hivyo, na wanaoliandika neno hilo wanataka tiba ya koo. Mama Pindo alibisha, akazunguka meza, mwisho akakubali. Makala ikaitwa “Cherehani inaruka mishono: sababu na namna ya kutibu”, na kwikwi ikafutwa isibakie hata moja. Siku ya kulifuta neno hilo hakula vizuri.

Lakini ukweli usemwe, wasomaji walikuja. Walikuja, wakauliza, wakashukuru, wakaombeana heri. Mkwe akaongeza juu ya blogu kisanduku cha kutafutia ndani yake, kinachohifadhi kila neno ambalo wasomaji wameandika humo, ili mwenye blogu ajue walichokosa. Mama Pindo akawa anakifungua kila asubuhi pamoja na chai.

Asubuhi moja kulikuwa na neno moja: kwikwi. Chini yake: cherehani ina kwikwi. Chini yake tena: kwikwi ya cherehani ya baba. Na mbele ya kila moja mtambo ulikuwa umemjibu mtafutaji huyo kwa adabu zake zote: Hakuna kilichopatikana.

Chai ikamwagika mezani, juu ya kitambaa cha mtu. Mama Pindo akamwita mkwe kwa sauti iliyomfanya mkwe aje bila viatu.

Haikuhitaji kuelezwa sana. Cherehani ya Mzee ilikuwa imeanza kuruka mishono huko iliko. Kitinda akatafuta msaada kwa maneno ya watu wote, akaikuta makala, na katika kuisoma akausikia ulimi anaoujua. Akataka kuhakikisha. Akabisha hodi kwa neno la nyumbani, na nyumbani pakamjibu kwamba hapamjui.

Tena kulikuwa na baya zaidi. Makala ilifundisha kwamba sindano ipandishwe mpaka ikome, na kwa cherehani nyingine zote ni sawa. Ile ya Mzee haikuwa hivyo. Ilikuwa imechakaa ndani, sindano yake ilitakiwa iachwe chini kidogo, kwa unene wa ukucha, ndipo inase uzi. Mzee alimwonyesha Mama Pindo peke yake katika zile siku za mwisho, akiwa kitandani. Kitinda hakuwapo. Sasa angefuata makala ya dada yake, na cherehani ingezidi kuumwa.

“Mara ya kwanza nilimfukuza kwa mdomo,” Mama Pindo akasema. “Leo nimemfukuza kwa maandishi.” Akalia waziwazi, akitumia futi kamba kujifutia.

Kisha akaiketia kompyuta. Kichwa cha habari akakiandika kwa vidole viwili: “Cherehani ya Baba ina kwikwi”. Mkwe, kwa mazoea ya kazi, akamwambia taratibu kwamba hicho hakuna anayekitafuta.

“Yupo mmoja,” Mama Pindo akasema.

Mkwe akavuta kiti. Akamwandikia yeye, mama akitaja neno kwa neno. Makala ilikuwa fupi. Ilieleza habari ya sindano na unene wa ukucha. Ikasema kwamba jambo hilo Baba alilionyesha siku ambayo angependa wawepo wote wawili, na kwamba aliyekuwapo hakuwa na haki ya kumsimanga ambaye hakuwapo. Mwisho ikasema namba ya simu ni ile ile, imeachwa hivyo makusudi.

Kisha ikawa kungoja. Kisanduku kikaleta overloki za kufunga kingo, kikaleta zipu, kikaleta bei za vitambaa. Mama Pindo akawa mkali kwa wateja kupita kawaida, akamshonea bwana mmoja suruali yenye mfuko mmoja. Mkwe alipita kila jioni, akauliza kwa macho tu.

Simu ililia mchana mmoja akiwa anapima mabega ya mteja. Namba hakuijua. Akaipokea, akasema haloo. Akasikia cherehani. Ile ya kukanyaga, aliijua kama mtu anavyoujua mwendo wa mzazi wake koridoni. Ilikuwa inakimbia moja kwa moja, mshono baada ya mshono, bila kuruka hata mmoja. Mteja alibaki na mikono juu, hajui aishushe au aiache.

Kisha katikati ya mlio ule akaisikia kwikwi. Haikutoka kwenye chuma. Cherehani ilikuwa imepona, anayelia kwa kwikwi alikuwa Kitinda.

Mama Pindo akakaa juu ya vitambaa vya watu, pini na yote.

“Kanyaga polepole, mdogo wangu,” akamwambia. “Utakata uzi.”