Nilivyotafsiri Maneno ya Bibi

Juzi, katika duka moja Bukoba mjini, nilishika mkoba ulioshonwa kwa lubugo, ile nguo yetu ya gome la mti. Harufu yake ya moshi na udongo ikanirudisha Izimbya, kijijini kwetu.

Nilikuwa darasa la sita. Wageni kutoka Dar es Salaam walikuja kuona msitu wetu, na mwalimu akanichagua niwatafsirie, maana wazee walizungumza Kihaya tu. Ukingoni mwa msitu tulimkuta bibi yangu amepiga magoti, anagonga gome kwa nyundo ya mti ili lilainike na kutanuka. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa rangi ya gome hadi viwikoni. Kiunoni alijifunga lubugo kuukuu yenye viraka.

Aliwaeleza jinsi mti unavyochunwa bila kuuawa, na jinsi jeraha lake linavyofungwa kwa majani ya mgomba mpaka gome liote tena. Nilitafsiri yote kwa madaha. Kisha akasimama, akanishika bega, akasema kwa Kihaya, "Waambie huyu ni mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe."

Masikio yaliniwaka. Dada mmoja mwenye viatu vyeupe akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema karibuni tena," nikajibu.

Mkono wa Bibi uliteleza kutoka begani mwangu. Akawatazama wageni, akasema polepole kwa Kiswahili, ambacho sikuwahi kumsikia akikizungumza, "Ndiyo. Karibuni tena."